Kibao

Sherbrooke, mwezi wa pili. Theluji imefika usawa wa madirisha.
Mghoi anavua buti mlangoni, kisigino kwa kisigino,
ananisalimu kwa Kifaransa
kabla hajakumbuka mimi ni nani.

Miezi kumi na minne tu.
Shuleni walimweka darasa la wageni:
yeye, mvulana wa Kolombia, pacha wawili wa Kisiria,
na mwalimu Josiane, mwenye mikono mirefu,
akiwafundisha kwa kushika vitu. Hii pua. Hili dirisha.
Skafu hufungwa hivi, isije ikakunyonga.
Wiki tatu Mghoi alilia getini, kanishika koti.
Wiki ya nne hakulia.
Nikabaki na leso mkononi, sina wa kumfuta.

Sasa Kifaransa kimemwota kama meno ya ukubwani,
na Kiingereza alichokuja nacho kinalegea,
kinatikisika,
nami kila usiku nakigusa kwa kidole
nione kama bado kipo.

Wundanyi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, miaka kumi na mmoja.
Hapa nakunja shuka za hospitali.
Sijui msimamizi wangu anatania au anafoka,
hivyo natabasamu nusu.
Ndiyo maana nikaandika ratiba, nikaibandika kwenye friji:
Jumatatu hadi Alhamisi, jioni, Kiingereza.
Ijumaa, Kiswahili, na Jumapili pia, bibi akipiga simu.
Maana tutarudi. Au hatutarudi, lakini mlango usifungwe.
Kidawida hakikupata siku.
Usiniulize.

Juzi tulikuwa tunasoma kile kitabu cha sungura mwizi.
Akafika kwenye kisu,
akaitamka ile herufi ya mwanzo
ambayo Waingereza huiandika kisha wakaiacha bubu.
Nikasema, rudia.
Akarudia vilevile.
Nikasema, rudia,
na sauti iliyotoka haikuwa ya mama yake,
ilikuwa ya darasa la nne, ya chaki, ya fimbo mezani.
Mabega yake yakapanda hadi masikioni.

Ndipo nikakiona.
Kipande cha mbao, kamba ya katani,
maandishi mekundu niliyoyaandika kwa mkono wangu mzuri.
Aliyeteleza akasema lugha ya kwao alikivaa shingoni
mpaka amnase mwenzake.
Mwakio alikivaa siku nzima, kwa sababu hakutaka kumnasa mtu.
Kosa lake: aliomba maji
kwa neno alilofundishwa na mama yake.
Mpaka kengele ya jioni hakunywa.
Hakuomba tena, si siku ile tu.
Nami nikaenda nyumbani, nikala, nikalala,
nikajiita mwalimu.

Mama, mbona umenyamaza?
Aliuliza kwa Kiswahili, na ilikuwa Jumanne.

Nikafunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani.
Nikamwambia, leo nifundishe wewe.
Msimamizi wangu ana neno moja, analisema akishika pua.
Akacheka hadi akakohoa. Ni mafua, mama!
Anakuomba msamaha ana mafua!
Mwaka mzima nilidhani ni mimi ninayenuka.

Tukaendelea hivyo, neno kwa neno, nipe nikupe,
hadi chai ikapoa.
Kile kisu cha Kiingereza kikajirudi chenyewe,
herufi yake ikiwa kimya,
sijui ni saa ngapi, sikuwa nikisikiliza.

Kisha akasema ana kiu,
na mimi, mkono kwenye bomba,
nikalitaja lile neno la Mwakio.
Halikuwa limetoka kinywani mwangu tangu nivuke bahari.
Hiyo ni lugha gani?
Nikasema: ya kuombea maji.

Akajaribu. Akalikosea.
Akajaribu tena, akalikosea zaidi.

Sikusema rudia.
Nikampa maji.